Rebmann wa Rabai na miaka 29 ya kukaa mahali pamoja

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mwinjilisti mmoja ambaye tumefahamiana miaka mingi. Anahudumu katika mtaa mdogo ulio mbali na barabara ya lami, kanisa la miti na mabati, sakafu ya vumbi. Yuko pale mwaka wa 11 sasa. Siku hiyo alikuwa ametoka kwenye kikao ambacho taarifa za mitaa yote zilisomwa: waliobatizwa, waliopata kipaimara, sadaka, ahadi, viwanja vilivyonunuliwa. Taarifa yake haikumaliza dakika moja. Ubatizo, watoto wawili. Kipaimara, hakuna. Sadaka ya mwaka mzima, ndogo kuliko ile ambayo mtaa wa mjini unapata katika Jumapili moja ya mavuno. Mtu mmoja akaguna, wengine wakacheka kidogo, kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Akaniuliza kama huo si ushahidi wa kutosha kwamba Mungu hakumtuma pale. Alikuwa na barua ya kuomba kuacha kazi, tayari ameiandika, imo ndani ya Biblia yake.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda. Nilipokata simu mtu aliyenijia akilini hakuwa nabii wala mtume. Alikuwa ni Johannes Rebmann, na leo nataka nikusimulie habari zake wewe pia, maana sidhani kama swali la mwinjilisti yule ni lake peke yake. Huenda wewe unafundisha shule ya Jumapili yenye watoto wanne. Huenda unamuuguza mama mzazi kwa mwaka wa sita, na kaka zako wanatuma salamu tu. Huenda umeolewa na mtu asiyeomba, na umeomba kwa ajili yake mpaka maneno yamekuishia.

Wengi wetu tunamjua Rebmann kwa mstari mmoja wa kitabu cha historia cha shule: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, mwaka 1848. Zamani tulikaririshwa kwamba aliugundua mlima huo, jambo ambalo nina hakika liliwachekesha wazee wa Kichagga waliokuwa wakilima migomba chini yake tangu enzi za mababu. Lakini baada ya siku ile ya Kilimanjaro mtu huyu aliishi miaka 28 zaidi, na karibu yote aliimalizia katika kijiji kimoja nyuma ya Mombasa. Vitabu vya shule havina nafasi ya miaka hiyo, kwa sababu hakuna kilichotokea cha kuulizwa kwenye mtihani.

Alizaliwa Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji cha wakulima karibu na Stuttgart, Ujerumani ya kusini. Watu wa kwao walilima mizabibu, na walikuwa Walutheri wa aina ile ya kukusanyika nyumbani jioni kusoma Biblia na kuomba pamoja, sisi leo tungesema watu wa jumuiya na fellowshipu. Akiwa kijana alikwenda kusomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akapelekwa London kwa chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS, wakambariki kuwa mchungaji. Juni 1846 akashuka Mombasa, umri miaka 26.

Aliyempokea ni Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake wa Württemberg. Krapf alikuwa amefika miaka miwili kabla, na mapokezi ya pwani kwake yalikuwa kaburi. Mwezi Julai 1844 mkewe Rosine alikufa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto naye akamfuata. Kwa hiyo fikiria, msomaji wangu, kijana ametoka kwao na begi lake na ndoto zake, na kitu cha kwanza anachoweza kuonyeshwa na mwenyeji wake ng'ambo ya Mombasa ni mahali alipomlaza mke wake. Wengi wetu tungeanza kuulizia meli ya kurudi.

Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo wawili hao wakapanda kwenda Rabai, kwenye vilima vya Mijikenda, kufungua kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Hawakuwa na nguvu hata ya kutembea vizuri, wakaenda hivyohivyo kwa sababu waliona wakisubiri mpaka wapone hawatakwenda kamwe. Wazee wa Rabai wakawakubalia kukaa. Wakajenga nyumba, wakajenga na kibanda cha ibada, wakaanza kujifunza lugha ya watu.

Sasa tuje kwenye ile safari maarufu. Mwishoni mwa Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda nchi ya Wachagga pamoja na kiongozi wa misafara, Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Misafara ya biashara ya njia hiyo ilikwenda na bunduki nyingi kwa hofu ya vita. Rebmann alikuwa na mwavuli. Bwana Kheri mwenyewe alistaajabia mwavuli ule, na si ajabu, mimi nisingevuka nyika ya Taita na mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima mrefu mbele yao. Alidhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake ni nini kile, na Bwana Kheri akakiita kwa neno moja tu ambalo kila Mswahili analo, baridi. Mzungu wa nchi ya theluji akaelewa mara moja, ingawa walikuwa hatua chache tu kusini ya ikweta.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Baadaye siku hiyo walipopumzika, Rebmann aliketi chini ya mti, akafungua Biblia yake ya Kiingereza. Hakuitafuta sura ya kufaa tukio. Aliendelea pale alipokuwa ameishia siku iliyotangulia, kwa sababu alikuwa na desturi ya kusoma kwa mfululizo, na zamu ya siku hiyo ikawa Zaburi ya 111. Isome ukirudi nyumbani leo. Ni fupi, aya 10 tu. Inazungumzia ukuu wa kazi za Bwana, na jinsi alivyowaonyesha watu wake uwezo wa kazi hizo ili kuwapa urithi wa mataifa. Mtu amekaa chini ya mti, mbele yake theluji ya Afrika, na zamu yake ya kawaida ya kusoma inamwambia hayo.

Mimi ninayeandika haya ni mmoja wa wale wanaofungua Biblia kwa kubahatisha asubuhi ya siku ngumu, kidole kikitua popote, nikitaka Mungu aseme upesi kabla daladala haijafika. Nakiri nimeonea wivu desturi ya Rebmann. Aya ile haikumfikia kwa sababu aliiwinda. Ilimfikia kwa sababu jana yake alisoma Zaburi ya 110, na juzi yake ya 109, ambayo ni ndefu na ya laana tupu, na huenda haikumpa faraja yoyote.

Aliporudi Rabai akaandika aliyoyaona, na taarifa ikachapishwa London mwaka 1849. Badala ya pongezi akapata kejeli. Palikuwa na bwana mmoja, Desborough Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki lakini aliijua kwa kusoma vitabu kandokando ya meko yake. Yeye alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari yule aliona mawazo yake mwenyewe. Watu wakubwa wakamsikiliza Cooley. Krapf naye aliuona Mlima Kenya mwaka 1849 kutoka Ukambani, ukiwa na weupe wake, na hilo halikusaidia. Wakahesabiwa kuwa waongo wawili badala ya mmoja.

Miaka zaidi ya 10 ilipita. Ni mwaka 1861 ndipo Karl Klaus von der Decken, Mjerumani mwenye mali na vyombo vya kupimia, alipofika Kilimanjaro, na mwaka uliofuata akapanda sehemu ya mlima, theluji ikamwangukia yeye na wenzake. Cooley hakukubali hata hapo. Katika miaka hiyo yote Rebmann hakugeuza kazi yake kuwa ya kujitetea. Alikuwa amesema alichokiona, akarudi kwenye darasa lake.

Nakuomba upime jambo hili katika kazi yako. Umefanya hesabu ya stoo ukakuta mifuko 40 haipo, ukaandika ukweli, na bosi amemwamini yule ambaye hajawahi kuingia stoo. Umemwambia mume kwamba hukuchukua zile fedha, na anakuangalia kama asiyekusikia. Injili inatudai kusema kweli, lakini hakuna mahali inapotuahidi kwamba tutaaminiwa siku hiyohiyo. Yeremia alisema kweli akatupwa ndani ya kisima chenye tope. Kinachotuua mara nyingi ni ile miaka 10 ya katikati, tunapotaka kumsimamisha kila mpita njia tumweleze kwamba sisi hatukudanganya.

Baada ya Kilimanjaro, Rebmann alirudi Uchagani mara mbili. Safari ya pili alifika Machame kwa mfalme Mamkinga, akapokewa vizuri, akarudi na matumaini makubwa. Basi mwaka 1849 akaenda mara ya tatu, safari hii akiwa na mizigo mingi zaidi, kwa sababu alitaka kupita Machame kuelekea Unyamwezi, katikati ya bara. Mfalme yuleyule akamkamua zawadi kidogokidogo mpaka vitu vyote vya safari vikaisha, na njia ya kwenda mbele hakumpa. Rebmann alirudi pwani mikono mitupu, katika msimu wa mvua, mgonjwa na mwenye uchungu. Hakufika Unyamwezi maisha yake yote. Hakurudi tena Uchagani.

Hapo maisha yake yanageuka, na ndipo msafiri wa vitabu vya shule anapopotea. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Aliona mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi, kila kituo kikishikana mkono na kingine. Rebmann aliona tofauti. Alitaka wakae mahali pamoja, wafundishe watoto kusoma, waijue lugha vizuri, wasubiri. Wote wawili walikuwa watu wa sala, wote wawili walisoma Biblia ileile, na hawakukubaliana. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimshinda akaondoka kwenda Ulaya. Mwenzao mwingine, Jakob Erhardt, aliondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki.

Tuseme kweli, hakubaki peke yake kabisa. Mwaka 1851 alikuwa amekwenda Misri akamwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa akifundisha huko, akarudi naye Rabai. Emma ni mtu ambaye ningependa waandishi wa historia ya kanisa wamwandikie zaidi. Alikaa kwenye kilima kile cha Kisulutini, mbali na daktari, mwaka baada ya mwaka, na vitabu vinamtaja kama vile vinavyotaja samani.

Kabla Erhardt hajaondoka, yeye na Rebmann walifanya jambo moja la ajabu. Walikuwa wakiwauliza wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, na watumwa waliotoka bara, kuhusu nchi za ndani. Kila aliyekwenda bara, kwa njia yoyote ya pwani, alisema mwisho wa safari kuna maji makubwa. Wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa sana, umbo lake kama koa. Wasomi wa Ulaya wakaicheka na hiyo. Safari hii wachekaji walikuwa na sababu, maana kweli ziwa moja la namna hiyo halipo. Yapo matatu, Nyasa, Tanganyika na Viktoria, na wao waliyaunganisha. Lakini ramani ile yenye makosa ndiyo iliyosaidia kuwatoa Burton na Speke London kuja kutafuta maziwa hayo.

Wasafiri hao wawili walipofika mwaka 1857 walipanda Rabai kumwona. Palikuwa na mpango kwamba Rebmann aungane nao. Hebu fikiri: mtu aliyekataliwa njia ya bara na Mamkinga sasa analetewa msafara wenye fedha za Serikali ya Uingereza mlangoni kwake. Angeweza kwenda kuona kwa macho yake maziwa aliyoyachora kwa masikio. Hakwenda. Speke akaenda kuliona Ziwa Viktoria, jina lake likaandikwa, na Rebmann akabaki na majina ya vitu vya jikoni katika lugha za Mijikenda. Wakati huohuo mashambulizi ya Wamasai yalifika jirani na Rabai, ikambidi yeye na Emma wakimbilie Unguja, wakakaa huko karibu miaka miwili. Kisha wakarudi kwenye kilima kilekile kuanza tena, na wengi tungeona mlango ulikuwa umefunguliwa wa kuondoka kwa heshima.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa maneno. Alikusanya maneno ya Kirabai, alikusanya ya Kiswahili cha Mombasa, akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Na alikusanya pia ya lugha ya watu wa Nyasa, ingawa Nyasa hakuwahi kuiona. Mwalimu wake alikuwa mtumwa aitwaye Salimini, aliyekamatwa upande wa ziwa hilo na kuletwa pwani. Nimeshindwa kuipita habari hii haraka. Mtu ameuzwa, amevuka nchi nzima kwa miguu, amebakiwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya, yaani lugha ya mama yake. Akatokea mgeni mmoja anayemuuliza kwa subira, miaka na miaka, kwenu mnaitaje hii, na hii je? Sisi tunaofundisha Biblia tungefanya vema kukaa kimya hapo kidogo. Tumezoea kufikiri kwamba anayetoa ni mhubiri na anayepokea ni maskini.

Na waumini? Walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, ambaye hakuishi muda mrefu baada ya kuamini. Wa pili alikuwa Abe Gunja. Baadaye wakaongezeka wachache, na kuanzia mwaka 1864 wakaja Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa India, akina William Jones, kumsaidia. Lakini mwaka baada ya mwaka taarifa ya Kisulutini iliyokwenda London ingeweza kusomwa kwenye kikao na kumalizika katika dakika moja.

Mwaka 1866 Emma alifariki. Alizikwa huko Rabai. Mumewe alikuwa na miaka 46, macho yakianza kuharibika, na kutoka hapo alikaa miaka 9 mingine.

Sitaki kumfanya malaika, maana hapo ndipo habari za watakatifu zinapoacha kutusaidia. Rebmann alikuwa mgumu. Wenzake vijana waliotumwa kumsaidia waliona ni mzee anayejifungia na makamusi wakati watu wako nje. Hakupenda mipango mipya, na huzuni ilimkalia. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa Zanzibar, alimtembelea akamkuta karibu kipofu, ametumbukia katika maneno yake, na jamii ndogo ya Wakristo imemzunguka. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema leo, kwamba alipaswa kuondoka mapema na kumwachia mwingine. Huenda wana haki. Si kila kukaa ni uaminifu. Kuna kukaa kwa woga na kukaa kwa ukaidi, na mtu anayekaa si lazima ajue tofauti. Nilimwambia mwinjilisti hivyo pia, tena nilianza na hilo.

Ila kuna namna ya kupima ambayo Paulo aliwapa Wakorintho katika waraka wa kwanza, sura ya 3, walipokuwa wakilinganisha watumishi kama mashabiki wanavyolinganisha timu. Aliwakumbusha kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na ukuaji haukutoka kwa yeyote kati yao. Kila mmoja atalipwa kwa taabu yake. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi na kila mara natamani ingesema kwa mavuno yake, kwa sababu mavuno yanaonekana na taabu haionekani. Inasema taabu.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29, Rebmann aliondoka. Katika miaka hiyo yote alikuwa hajakanyaga Ulaya hata mara moja. Hakuweza kusafiri bila mtu wa kumshika mkono, na aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Nyondo alikuwa mtoto wa Abe Gunja. Yule mwumini wa pili, aliyejaza mstari mmoja tu katika taarifa za miaka ya mwanzo, ndiye aliyemzaa mtu wa kumwongoza mzee kipofu ngazi za meli, mitaa ya London, mpaka kwao Ujerumani. Wazazi wa Rebmann waliwahi kumtoa mtoto wao aende Afrika. Sasa mtoto wa Afrika alikuwa anamrudisha.

Akafanyiwa matibabu ya macho, yakasaidia kidogo tu. Akaenda kuishi Korntal, mji mdogo karibu na Gerlingen alikozaliwa, kwa sababu Krapf alikuwa anaishi hapo. Wale wawili walioshindwa kukubaliana juu ya namna ya kulifikia bara la Afrika wakawa majirani. Akaoa tena, mjane wa mmisionari, lakini hawakukaa muda mrefu. Tarehe 4 Oktoba 1876 alifariki, umri miaka 56. Ni Krapf aliyekaa na makaratasi yake, akayapanga, na mwaka 1877 kamusi ya lugha ya Nyasa ikachapishwa, miaka miwili baada ya wamisionari wa Kiskoti kufika ziwani humo na kuanza kazi. Maneno ya Salimini yalikuwa yakitumika kwao na Salimini hayupo.

Na Machame, alikonyang'anywa kila kitu na kurudi kwa aibu? Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Uchagani hapohapo Machame, mwaka 1893. Miaka 44 ilikuwa imepita. Wewe uliyebatizwa Machame, au bibi yako alibatizwa huko, unajua mengine kuliko mimi.

Ukienda Rabai leo utakuta makumbusho, nayo yana jina la Krapf. Rebmann amepewa barafu moja kileleni Kilimanjaro iitwe kwa jina lake, na kama unavyosikia kwenye habari, barafu za mlima ule zinayeyuka.

Juzi nilimpigia mwinjilisti nikamweleza haya yote, yakiwemo yale ya ukaidi. Alinisikiliza muda mrefu bila kukatiza. Nilitegemea ataniambia ameichana ile barua. Hakusema hivyo. Aliniuliza kuhusu Abe Gunja, kama alikuwa kijana au mtu mzima alipoamini, na nikamwambia alikuwa mtu mzima mwenye mtoto. Akanyamaza kidogo, kisha akanitajia baba mmoja wa mtaani kwake, mchoma mkaa, ambaye haji ibadani lakini kila Jumamosi jioni hupita kuuliza somo la kesho ni lipi. Akasema amekumbuka kwamba mara ya mwisho hakumjibu vizuri. Kisha akaaga, maana ilikuwa Jumamosi na jua lilikuwa linazama.